Foraje za Kasaji: tunahesabu mita, tunasahau upana

Mu 2024 inchi nzima ilibishana juu ya bei ya foraje. Mkataba wa vituo 1 000 vya maji kwa ajili ya mikini, uliotiwa sahihi mu 2021 kwa karibu dola milioni 400, ulifika mikononi mwa sheria. Kila mtu alifanya hesabu yake: karibu dola 400 000 kwa kituo kimoja. Watu waligombana juu ya tangi, juu ya panoo za jua, juu ya nani alikula nini. Sisi hatukusikia wengi waliouliza swali la fundi: shimo lenyewe lina upana gani, na lilitobolewa na chuma gani?

Swali hilo linaonekana dogo. Lakini ku Kasaji, njo linaamua kama mama atachota maji miaka ishirini ao miezi mbili.

Tuanze na udongo. Kasaji iko magharibi ya Lualaba, mu teritware ya Dilolo, kando ya reli iliyofika Dilolo mu 1931. Upande ule, fasi nyingi zimefunikwa na mchanga wa Kalahari, mchanga laini ambao upepo uliuleta zamani za kale. Chini yake kuna jiwe la zamani, gumu. Kwa hiyo fundi anayekuja kutafuta maji anakutana na vitu viwili vinavyopingana: juu, udongo unaoanguka kama sukari, chini, jiwe linalokula chuma. Hakuna chuma kimoja kinachoweza vyote viwili vizuri. Na mashine nyingi zinazofika kule zinatoka upande wa Kolwezi, fasi mafundi wamezoea jiwe la migodi.

Chuma cha mbele, kile kinachogusa udongo, mafundi wanakiita trepani. Kuna cha mabawa, kama jembe linalozunguka: kinafaa kwa mchanga na udongo wa mfinyanzi, lakini kikigusa jiwe gumu kinakwisha. Kuna trikoni, magurudumu matatu yenye meno yanayozunguka na kusaga. Mzazi wake, wa magurudumu mawili, alipewa hati ya uvumbuzi mu 1909 kwa Howard Hughes wa Texas, aliyekuwa anatafuta petroli. Cha magurudumu matatu kilifuata mu 1933. Na kuna marto: kompresa inasukuma upepo ndani ya tije, upepo unapigisha nyundo chini kabisa ya shimo, na nyundo inapiga kichwa chenye vifungo vya duara. Kwa jiwe gumu, marto njo mfalme.

Ile vifungo haikupangwa bule. Kifungo cha mviringo kama nusu ya mpira kinavumilia jiwe gumu sana, lakini kinaenda pole. Kilichochongoka kinaenda mbio mu jiwe la kati, lakini mu jiwe gumu kinavunjika. Vifungo vya pembeni, vile vinavyokata ukuta wa shimo, njo vinateseka kuliko vyote, juu vinasafiri mbali zaidi kila kichwa kinapozunguka mara moja. Vikikwisha, kichwa kinapungua upana. Tuseme fundi alianza na milimita 165, anamaliza na 158. Shimo limekuwa kama faneli, juu pana, chini jembamba. Akiweka kichwa kipya, kinakwama. Akishusha tiyo ya PVC, inakataa kufika chini. Halafu atafanya nini? Atakata tiyo fasi ilipokwama, atasema foraje imeisha, na mita za chini, pengine zile zenye maji mingi, zinabaki bila kitu.

Kuna dawa: kunoa vifungo mbele havijaisha. Kanuni ya mafundi ni hii: sehemu iliyokuwa bapa ikifika theluthi ya upana wa kifungo, toa kichwa, peleka kwa mashine ya kunoa. Kichwa kinachonolewa kwa wakati kinaishi mara mingi kuliko kile kinachosukumwa mpaka kufa. Lakini kunoa kunaomba kusimamisha kazi, na mu mkataba wa bei kwa mita, kusimama ni hasara.

Sasa tufike kwa chuma cha pili, kile watu wengi hawakijui: aleseri, chuma cha kupanua shimo. Kwa nini kupanua shimo ambalo tayari tumetoboa? Tuchukue karatasi na kalamu.

Tiyo ya kawaida ya pompi ya mkini ina milimita 125 kwa nje. Kuizunguka, unapaswa kuweka changarawe safi, ndogo, yenye kuchaguliwa. Ile changarawe njo kichujio: inaacha maji yapite, inazuia mchanga. Kazi nzuri inaomba angalau milimita 50 ya changarawe kila upande. 125 na 50 na 50: shimo linapaswa kuwa na milimita 225. Lakini kichwa cha marto kinachotumika mara mingi kinatoboa 165. Ondoa 125, gawanya kwa mbili: zinabaki milimita 20 kila upande, na pale tiyo zinapoungana, hata pungufu. Changarawe haishuki sawasawa mu nafasi ile. Inakwama njiani, inaacha mapengo. Fasi ya pengo, mchanga unaingia moja kwa moja. Ku Kolwezi, mu jiwe gumu lisiloanguka, unaweza kusamehewa. Ku Kasaji, mchanga hausamehe. Pompi itatoa maji safi mbele ya wakubwa siku ya kukata riba, halafu itaanza kutoa maji ya rangi, halafu mchanga utakula mipira ya ndani, halafu kimya.

Kwa hiyo unatoboa kwanza shimo dogo ili kujua maji yako wapi, kisha unarudi na aleseri. Umbo lake lina akili. Mbele ina pua inayoingia mu shimo dogo na kuongoza, ili shimo kubwa lisipinde. Vifungo viko paka ku mabega, juu katikati hakuna tena jiwe la kuvunja. Njia za upepo zinapaswa kuwa kubwa, na hapa wengi wanakosea. Ukitumia tije za milimita 89, nafasi ya kupandisha uchafu mu shimo la 225 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya shimo la 165. Kompresa ni ile ile. Kwa hiyo mwendo wa upepo unaanguka chini ya nusu. Upepo ukishuka chini ya mita 15 kwa sekunde, vipande vya jiwe havipandi tena. Vinarudi chini, vinasagwa mara ya pili na ya tatu, na aleseri inakwisha bila kwenda mbele. Njo maana kupanua kunaomba kompresa kubwa ao povu, na vyote viwili ni mafranga.

Na mchanga wa juu? Marto peke yake na upepo wake, mu mchanga wa Kalahari, inachimba kaburi lake: ukuta unaanguka, tije zinabaki chini. Njia moja ni kuanza na trepani ya mabawa na matope ya bentoniti, yanayoshika ukuta. Njia ingine ni aleseri yenye bawa la upande. Ukizungusha mbele, bawa linafunguka na kukata pana kuliko tiyo ya chuma inayofuata nyuma. Ukifika mu jiwe, unazungusha kidogo kinyume. Bawa linajificha, unavuta vyuma vyote kupitia ndani ya tiyo, na tiyo inabaki kushika mchanga. Halafu marto inaendelea chini kwa amani.

Basi kama dawa inajulikana, juu ya nini haitumiwi kila fasi? Hesabu inajibu. Shimo la 225 linatoa karibu mara mbili ya jiwe la shimo la 165. Ni mazutu karibu mara mbili, siku mingi zaidi, vyuma viwili fasi ya kimoja. Kama mkataba unalipa kwa mita, na hakuna anayepima upana, yule anayefanya kazi nzuri anapoteza soko mbele ya yule anayeruka aleseri. Hatusemi kila mtoboaji ni mwizi. Tunasema karatasi ya masharti inamuadhibu fundi wa kweli.

Kuna jambo lingine ambalo linatuuma sisi wa Lualaba. Vile vifungo vya trepani vimetengenezwa na nini? Ni karbidi ya tungsteni, vumbi gumu sana, lililogundishwa na kobalti. Wajerumani njo waligundua mchanganyiko huo, mu miaka ya 1920. Mara mingi kobalti ni kati ya 6 na 12 kwa mia: ukiongeza, kifungo kinavumilia mapigo, ukipunguza, kinakuwa kigumu zaidi lakini kinavunjika mbio. Hata trepani za almasi ya kiwanda, zile za petroli, zinapikwa kwa msaada wa kobalti. Sisi njo tunaotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Tangu Oktoba 2025 inchi inaiuza kwa kota, tani 96 600 kwa mwaka wa 2026 na vilevile kwa 2027, ili bei ipande. Ni vizuri. Lakini kobalti inatoka kwetu kama unga, inarudi kama kifungo ku kichwa cha trepani, na tunainunua kwa bei ya mgeni.

Hatuotoi ndoto ya kujenga kesho kiwanda cha karbidi. Kuna hatua zilizo karibu. Kunoa vifungo, kutengeneza aleseri kwa kichwa cha zamani, kuchomelea mabawa ya trepani ya mchanga: hizo ni kazi za atelie, na Kolwezi ina mafundi wa chuma ambao migodi iliwafundisha. Ujuzi huo haupandi treni kwenda Kasaji. Shaba inapita pale. Mwisho wa 2023 ile ya Kamoa-Kakula ilijaribu njia ya Lobito. Ujuzi unabaki Kolwezi.

Mafranga nayo yana njia yake. Code minier ya 2018 inagawa redevans ya migodi: 50 kwa mia kwa Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa entité ambamo mgodi uko, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kasaji haina mgodi mkubwa wa shaba. Haiwezi kutegemea ile 15. Inategemea provensi, na sheria ya maji ya 31 Desemba 2015 imeipa provensi na entité za chini sauti mu kazi ya maji. Sauti hiyo itumike mu karatasi ya masharti.

Sisi tunapendekeza mistari mine tu. Upana wa mwisho uandikwe kwa milimita, na unene wa changarawe. Kichwa kipimwe kabla ya kushuka na baada ya kupanda, mbele ya mtu wa mkini. Kupanua shimo kulipwe mstari wake, mbali na kutoboa, ili fundi asiharakishe. Na malipo ya mwisho yangoje mpaka pompi ifanye kazi saa mingi, na maji yawekwe mu chupa safi: kama mchanga unakaa chini, kazi haijaisha.

Kupima upana wa trepani hakuombi diploma. Kunaomba kipimo cha chuma na macho mawili. Kamati ya maji ya Kasaji inaweza kuanza na foraje inayofuata.