GURUDUMU LETU TULIPIME WENYEWE

Wako watu wanaotuambia kwamba kukadiria kwa kompyuta jinsi magurudumu ya treni yanavyolika ni kazi ya wale waliotuuzia treni. Sisi, wanasema, yatutosha kukata tiketi. Ndugu wasomaji, maneno hayo tunayakataa, na sababu zetu ni hizi.

Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Gurudumu la treni hugusa reli mahali padogo, kiasi cha ukucha wa kidole gumba, na hapo ndipo panapobeba tani kadhaa. Penye kona gurudumu haliviringiki tu, huteleza pia; na linapoteleza, chuma hulika. Umbo likiharibika, behewa huyumba na reli huumia. Gurudumu hukerezwa lirudi katika umbo lake, lakini kila likikerezwa hupungua, mpaka lazima linunuliwe jingine.

Kompyuta hufanya nini? Huiendesha treni ndani ya hesabu: uzito wake, mwendo wake, kona zake. Kisha yaweza kutumia kanuni aliyoieleza Mwingereza J. F. Archard mwaka 1953: chuma kinacholika huzidi kadiri uzito na umbali wa kuteleza unavyozidi, na hupungua kadiri chuma kilivyo kigumu. Umbo jipya la gurudumu huandikwa, safari ikaanza tena, hata maelfu ya kilomita yatimie. Hapana uchawi hapo.

Lakini ndani ya kanuni hiyo imo namba moja isiyotoka kichwani mwa mtu. Hutoka katika vipimo. Namba ya chuma kikavu cha maabara si namba ya reli iliyolowa mvua za masika wala yenye vumbi la kiangazi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kompyuta ikilishwa vipimo vya kwingine itatoa jibu zuri, tena la uongo.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kila gurudumu lipimwe na vipimo viandikwe. Vitabu vya vipimo hivyo vikae hapa nchini, mikononi mwetu. Na vijana wa vyuo vyetu wafundishwe hesabu hizi mpaka waweze kumsahihisha muuzaji.

Maana anayejua peke yake gurudumu litakwisha lini ndiye atakayepanga bei yake. Mwenye reli asiyejua hesabu ya magurudumu yake ni abiria tu katika treni yake mwenyewe.