Mama Kauliza: Hiyo Kanuni Kaitunga Nani?



Juni iliyopita, baridi ya Njombe ikiwa imekaza, binamu yangu anayepakia viazi Makambako alibishana na mkusanya ushuru. Ijumaa akawekwa ndani kwa "lugha ya matusi". Mama akapanda kosta, blanketi mkononi, nami nikamfuata. Nilisema dhamana ya polisi ni haki yake. Nikaambiwa mkubwa hayupo. Katoka Jumatatu. Tukiwa pale nje mama akaniuliza: "Wewe si ndiyo unasoma sheria? Hiyo kanuni kaitunga nani?"

Nikamjibu: Bunge. Nilimdanganya mama yangu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haikuanzia kwenye Bunge lolote tulilolipigia kura. Mwingereza alipoichukua Tanganyika alituletea kwanza Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Mwaka 1930 akaiondoa, akaweka nyingine ambayo mizizi yake iko Queensland, Australia, kwa jaji mmoja Samuel Griffith, 1899, ikapitia Nigeria ndipo ikatufikia. Mbena gani aliulizwa? Bunge letu limeitia viraka, tena vingine vikubwa, nakubali. Shati ni lile lile.

Na msidhani lilishonwa kwa ajili ya raia. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili kwenye Sauti ya TANU: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Leo wanaojiita warithi wake wanaishika fimbo ile ile aliyochapwa nayo!

Wahindi wenyewe wameitupa ya kwao tarehe 1 Julai 2024. Kuna wanasheria wao wanaosema mengi ya zamani yamebaki. Sawa, walalamike. Angalau walikaa mezani.

Sisi je? Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kinachozuia dhamana kwa baadhi ya makosa, kinavunja Katiba. Mwaka haujaisha, Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Aprili 2025 Tundu Lissu akakamatwa Mbinga, akashtakiwa uhaini, kosa lisilo na dhamana. Kutoka Mbinga kwenda Dar barabara inapita hapa hapa kwetu, Njombe, kisha Makambako.

Mtu ataniambia sheria nzuri haiulizwi imezaliwa wapi. Haya, basi tuisome wote. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria, eti. Mimi darasani bado naikariri kwa Kiingereza, na mama bado anasubiri jibu.

Kwenye kikao kijacho cha vijana wa mkoa naleta hoja: katiba mpya tunayoidai iandamane na Kanuni ya Adhabu mpya, iandikwe kwa Kiswahili, isomwe kwenye mikutano ya vijiji kabla haijafika Dodoma. Anayepinga aje na sababu, nitakuwa nimekaa mbele.