Kaya zikipangwa upya, wenyewe waulizwe kwanza

Mtu akitaka kuhamisha mlango wa nyumba yake, hahitaji idhini ya jirani. Lakini baraza wanalokutania watu wote si nyumba ya mtu mmoja. Ukihamisha hata kiti kimoja utasikia manung'uniko, na anayenung'unika huenda ana haki. Nayasema haya kwa sababu ya kaya za Wamijikenda, ambazo kwa zaidi ya miaka thelathini sasa zimekuwa zikipangwa upya, mara nyingi kwa nia njema, lakini si kila mara kwa kuwasikiliza wenyewe.

Kaya, kwa msomaji asiyeijua, ni msitu wenye uwanja katikati yake. Zamani uwanja huo ulikuwa mji wenye ngome ya miti, wenye njia chache za kuingilia na mahali pa wazee kukata shauri. Inakubaliwa kwamba kaya zilianza kujengwa katika karne ya 16, na hata kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kuhamia mashambani. Kuhama kwao hakukuifanya kaya kuwa gofu. Iligeuka kuwa mahali pa makaburi, pa maombi ya mvua na pa kupatanisha watu. Ndiyo maana mti haukatwi humo ovyo, wala mtu haingii kama aingiavyo sokoni.

Serikali ya kikoloni iliitambua vyema nguvu hiyo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo, wakaapa kutotoa vijana wao kwa kazi za Waingereza. Jibu la wakubwa lilikuwa ni kuifunga kaya, kisha mwezi wa Agosti 1914 wakailipua kwa baruti. Walidhani wakivunja mahali watakuwa wamevunja watu. Wagiriama wakapigana, na baada ya vita wazee wakarejea kule kule walikofukuzwa.

Mabadiliko ya siku hizi hayaji na baruti. Huja na karatasi. Mwaka 1992 Makumbusho ya Taifa iliunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani, na kaya za kwanza zikatangazwa katika gazeti la serikali kuwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2001 Kaya Kinondo, upande wa Kwale, ilianza kupokea watalii kwa utaratibu maalumu. Mwaka 2008 kaya 10 ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, na nyingi kati ya hizo zimo Kilifi: za Wagiriama, Wajibana, Wakambe, Wakauma, Waribe na Warabai. Mwaka 2009 shirika hilo hilo likaziweka mila za kaya katika orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa kwa haraka.

Je, wenyewe walipokeaje mambo hayo? Hawakuwa na kauli moja. Wako walioshukuru, maana bila sheria shoka na mabepari wa ardhi wangaliimaliza misitu hiyo. Wako walioshuku, wakauliza: serikali ikikitangaza kitu kuwa chake, je, kesho haitatufungia lango kama ilivyofanya mwaka 1914? Tena wako vijana, wengi wao Wakristo na Waislamu, wanaoona kwamba mambo ya kaya yamepitwa na wakati, na kwamba ardhi hiyo ingelimwa mahindi. Wala wazee wenyewe hawapatani juu ya wageni. Mmoja huona ada ya mtalii kuwa karo ya mjukuu; mwenzake huiona kuwa ni kuuza kaburi la babu.

Maoni yangu ni kwamba wote hao wana la kusikilizwa, ila kuna jambo moja ambalo sharti tulikatae: kudhani kwamba kaya ni kitu kisichobadilika, au kwamba wazee ni watu wa kupinga kila jipya. Kaya imebadilika mara nyingi. Ilikuwa mji, ikawa mahali patakatifu. Na katika miaka ya karibuni, huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa kuuawa kwa kusingiziwa uchawi, balaa ambalo limelitia doa jimbo letu, na ambalo mara nyingi nyuma yake kuna tamaa ya mashamba. Hakuna mtaalamu kutoka ng'ambo aliyekuja kuchora ramani ya matumizi hayo. Watu wenyewe waliona haja, wakalitumia jina na heshima ya kaya kuokoa roho za watu. Hayo ni mabadiliko makubwa kuliko kibao chochote cha shaba.

Tofauti basi si kati ya ukale na usasa. Tofauti ni nani ameamua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Afisa wa mjini aweza kuchora njia iliyonyooka ya kupitia watalii, asijue kwamba njia hiyo inapita juu ya mahali ambapo hata mwenyeji hakanyagi. Akipingwa atasema wazee hawataki maendeleo, kumbe wao wanakataa njia ile moja tu.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, pasijengwe wala pasibandikwe kitu katika kaya kabla ya wazee wake kukaa kikao, wanawake wakiwemo, kwani Mekatilili hakuwa mwanamume. Pili, fedha zinazotokana na wageni zihesabiwe hadharani, ili kila kijiji kijue kilichoingia na kilichotoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema mwenyeji aachwe mlangoni. Tatu, vijana wafundishwe habari za kaya shuleni, pasipo kulazimishwa kuziamini. Mtu aweza kwenda kanisani au msikitini na bado akajua kwa nini msitu wa babu yake haukatwi.

Hili la tatu ndilo linalonitia hofu zaidi. Wazee wanaojua siri na taratibu za kaya wanapungua kila mwaka. Sheria yaweza kuulinda mti, lakini haiwezi kumfundisha mtoto maneno yanayosemwa chini ya mti huo. Tukichelewa, tutabaki na misitu mizuri yenye vibao, na hapatakuwa na mtu wa kutuambia tunahifadhi nini.