Ulimi Unaposhindwa Kusema Ndotoni



Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wake, juma hili naliweka kando somo la malezi tulilolianza, kwani nimeletewa suala lisilofaa kungoja. Mama mmoja ameniandikia juu ya bintiye wa miaka 16. Msichana huyu huota huku akijua kwamba anaota. Huona watu, hutembea, hata huweza kuamua aelekee upande gani. Lakini akitaka kusema, kinywa humjaa kana kwamba ametia tonge asiloweza kulimeza; neno hutoka nusu, au hutoka jingine kabisa. Mara mbili alijaribu kutamka shahada na haikutamkika. Tangu siku hiyo chakula hakimpiti kooni, kwa kuamini kuwa imani yake ni ya uongo. Bibi yake naye ameshatoa hukumu: mtoto ana jini aliyemshika ulimi. Mtu wa kumtoa jini huyo amekwisha kuitwa, na bei aliyoitaja si ndogo.

Nitangulize jawabu, maelezo yafuate. Jambo hilo peke yake si dalili ya jini, wala si kipimo cha imani. Mama na azuie fedha zake.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kuwa usingizi wa binadamu una vipindi ambavyo macho hukimbia huku na huku chini ya kope. Mtu akiamshwa wakati huo, mara nyingi husimulia ndoto. Vipindi hivyo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Baadaye ikabainika kuwa wakati huo ubongo huzifungia njia amri ziendazo kwenye misuli: mikono, miguu, shingo na ulimi hulegea. Huko ni kuhifadhiwa. Lau si hivyo, anayeota anakimbia angeinuka akaukumba ukuta, na anayeota anapigana angemuumiza aliye ubavuni mwake. Vinavyoachwa huru ni macho, pamoja na kiwambo kinachotuvutia pumzi.

Sasa mtazameni binti yetu. Akili yake imezinduka nusu, na mwili ungali umefungwa. Anauamuru ulimi, na ulimi wa mwili haujibu.

Tena lugha yenyewe nayo huvurugika usingizini. Daktari wa maradhi ya akili wa Kijerumani, Emil Kraepelin, alitoa kitabu mwaka 1906 juu ya jambo hilo hilo. Alikusanya mifano 286 ya maneno ya ndotoni, mingi ikiwa ya ndoto zake mwenyewe. Akiwa usingizini maneno yale yalimwonekea sawa kabisa. Akiamka, hukuta sentensi isiyo na kichwa wala miguu, au neno limekaa mahali pa jingine. Huyo alikuwa profesa. Ikiwa ulimi wa profesa ulipotea njia, wa msichana wa sekondari una lawama gani?

Wapo waliobisha mlango ule ulioachwa wazi, mlango wa macho. Mwaka 1975, Keith Hearne, katika mji wa Hull, Uingereza, aliafikiana na mwotaji mmoja aitwaye Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho kushoto na kulia kwa idadi maalumu. Mashine iliinasa ishara ile, na vipimo vikaonyesha kuwa mtu amelala. Stephen LaBerge wa Stanford naye akafanya majaribio kama hayo miaka iliyofuata. Mwaka 2021 makundi manne ya watafiti, kutoka Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi, yalieleza jinsi yalivyowauliza watu maswali wakiwa ndotoni. Mmoja aliulizwa 8 kutoa 6, akajibu kwa kuyapeleka macho kushoto na kulia mara mbili. Tusiipambe habari hii: katika majaribio 158, majibu sahihi yalikuwa kama asilimia 18 tu, na mara nyingi hapakuwa na jibu lolote. Ninaitaja kwa sababu moja. Watu wale hawakutakiwa wajibu kwa ulimi. Walitumia macho, na wengine mikunjo ya uso.

Upande wa sheria, jambo hili halina utata. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu imeondolewa kwa watu watatu, na mmoja wao ni aliyelala mpaka aamke. Kwa msingi huo mafaqihi wamesema mume aliyetamka talaka usingizini hakumwacha mkewe, hata kama majirani wote wamesikia. (Wapo wake walionijia asubuhi na kesi hiyo. Mume aliweweseka tu, wao tayari wameshafunga mizigo.) Basi ikiwa neno lililotamkwa usingizini haliandikwi, hilo lililoshindwa kutamkwa litaandikwaje? Shahada ya binti huyu ni ile aisomayo katika kila tahiyatu akiwa macho.

Majini wapo, na Qur'ani imewataja. Lakini si kila tusilolielewa tuwatwike wao. Sisi watu wa pwani twajua hofu ya usiku inavyoenea. Mwaka 1995, uvumi wa Popobawa ulipozagaa Pemba na Unguja, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi. Baadhi ya waliozichunguza habari zile waliona ndani yake kitu ambacho wazee wetu walikwisha kukipa jina: jinamizi. Mtu hufumbua macho akakiona chumba chake, kifua kizito, sauti haitoki. Ni kufuli ile ile ya usingizi iliyochelewa kufunguka, na huachia yenyewe baada ya muda mfupi. Humpata zaidi aliyelala chali na aliyekosa usingizi wa kutosha. Nasi tumefundishwa kulala kwa ubavu wa kulia. Na anayeota ndoto mbaya ameelekezwa ajikinge kwa Mola wake na ageuze ubavu.

Kwa hiyo mwambieni mtoto asishindane na ulimi. Ikimtokea tena, na apumue taratibu, azungushe macho, na amtaje Mola wake moyoni. Bibi naye aambiwe kwa adabu, faraghani, si mbele ya mjukuu.

Nimesikia pia kuwa vijana wanafundishana kwenye simu namna ya kuzitafuta ndoto hizi kwa makusudi, kwa kutegesha kengele baada ya saa tano za usingizi, waamke kidogo, kisha walale tena. Sijaona uharamu katika ndoto yenyewe. Ila mwanafunzi anayejikatia usingizi kila usiku atasinzia darasani. Na kijana anayeweza kuamka saa tisa za usiku kwa ajili ya ndoto, sijui udhuru wake wa kukosa tahajudi ni upi.

Yapo mambo ambayo hayataki subira. Anayezidiwa na usingizi mchana asiweze kuuzuia, na magoti yakamlegea akicheka, amwone daktari. Vilevile mzee anayepiga mateke na kupiga kelele usingizini kana kwamba anapigana, kwani kwake kufuli haifungi ipasavyo, na huenda ikawa dalili ya mapema ya maradhi ya neva. Na mtu akiamka, akawa macho kabisa, na ulimi ungali mzito, mdomo umekwenda upande au mkono mmoja hauinuki, hiyo si ndoto wala jinamizi. Ni kiharusi. Msimkandie, msimwekee maji ya kombe kinywani, huenda akapaliwa. Tafuteni gari saa hiyo hiyo, afike hospitali, na dua zisomwe njiani.

Wabillahi tawfiq.