Shela la Ufukweni na Binti wa Sanje

Katika miaka hii imezuka tamaa ya harusi za ufukweni. Kwanza tulizisikia za wageni waliokuja Unguja kutalii. Leo zinatajwa hata Sanje, chini ya milima ya Udzungwa katika bonde la Kilombero, mahali ambapo bahari haionekani na maji yanayosifiwa ni ya maporomoko yenye kimo cha kama meta 170. Hatuna ugomvi na bahari, wala hatusemi kwamba binti wa mkulima wa mpunga au wa miwa hana haki ya kuiona siku ya ndoa yake. Tunalotaka kulizungumza ni vazi, maana humo ndimo fedha nyingi zinamopotelea.

Tuanze na kalenda, ambayo wakodishaji wa mashela hawaitaji. Mpunga wa bonde hili huvunwa zaidi kati ya Mei na Julai, na mwenye kungoja mavuno hupanga harusi katika miezi inayofuata. Hiyo ndiyo miezi ya kusi. Veli ya neti ambayo kanisani hulala sakafuni kwa utulivu, ufukweni hugeuka tanga na kumvuta bibi harusi shingo mbele ya wakwe. Chini nako kuna mchanga. Gauni lenye mkia huukusanya ukiwa umelowa, likawa zito kama gunia, na maji ya chumvi yakikauka huacha mistari katika satini isiyotoka kirahisi. Viatu vya kisigino huzama. Tena bahari haingoji hotuba: hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hufika pale ambapo wiki iliyopita viti vingekaa vikavu.

Na shela lenyewe kwa kawaida ni la kukodi. Likirudi na madoa, mwenye duka huzuia dhamana, na deni hilo huwa ndilo kitu cha kwanza kinachoingia katika nyumba mpya. Baya zaidi ni lile linalotokea kabla ya safari. Kamati ya harusi huhesabu michango, hulipa kodi ya shela na mpambaji, kisha hugundua kwamba nauli iliyosalia haitoshi kuwafikisha pwani mama mzazi na shangazi. Binti aliyelelewa Sanje akaolewa mbele ya watu asiowajua, mama yake yuko nyumbani akingoja kuonyeshwa picha katika simu. Je, hilo ndilo tulilochangia?

Watetezi wa jambo hili hudai kwamba weupe na mkia mrefu ndiyo desturi ya harusi. Desturi ya nani? Ni Malkia Victoria wa Uingereza, alipoolewa London mwaka 1840 kwa gauni jeupe la hariri, aliyeupa weupe umaarufu huo. Kabla yake bibi harusi wengi wa huko huko walivaa rangi yoyote ya nguo yao nzuri. Watu wa pwani yetu, walioishi na bahari karne nyingi, hawakumpeleka bibi harusi mchangani. Alikaa ndani na somo wake, akapakwa hina na piko, na nikaha ikafungwa na walii wake. Khanga ya harusi ilikuwa kisutu, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa hiyo anayekwenda ufukweni kwa shela la mkia hafuati mila za pwani wala za Wapogoro au Wandamba.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya wawili, taarifa ya siku 21 na mashahidi, vazi haikulitaja. Mkatoliki naye hufungia ndoa parokiani, asipopewa ruhusa ya mahali pengine, hivyo ufukwe kwake mara nyingi ni wa sherehe na picha tu. Yote mawili yanamwachia bibi harusi uhuru wa kuchagua.

Basi achague kitambaa cha pamba nyepesi, kipitishe hewa. Kama moyo wake uko kwenye weupe, na kiwe cheupe, hatugombi. Kama ni kitenge, vizuri zaidi, kwa kuwa atakivaa tena kwenye ubatizo wa mwanawe. Gauni liishie juu ya kifundo cha mguu, na pindo likunjwe mara mbili ili uzito wake uushinde upepo. Badala ya veli, kilemba kilichofungwa vyema. Miguuni, viatu bapa au peku. Kazi hiyo haimshindi fundi cherehani wa Mang'ula au Ifakara, na fedha yake itabaki bondeni.

Watatuambia kwamba siku ni moja tu maishani. Ndiyo sababu tunataka mama awepo. Kamati zikate kwanza tiketi za basi za wazazi wa pande zote mbili, kwenda na kurudi. Zikishakuwa mkononi, ndipo aitwe fundi achukue vipimo.