Ahadi ya Mwandishi

Kuna namna ya mwandishi anayejulikana sana kwa kitabu ambacho hakijaandikwa. Huonekana katika mabaraza ya wasomi, hukaribishwa katika semina, na kila aulizwapo habari za kazi yake hujibu kwamba yumo katika riwaya kubwa, au katika historia ya ushairi wa pwani toka asili yake hadi leo, au katika tasnifu itakayoondoa makosa yote ya waliomtangulia. Wasikilizaji huvutwa na maneno yake, na wengine humpa mkono wa pongezi. Mwaka hupita, na wa pili hupita, na kitabu kingali katika kinywa cha mwenyewe. Wenye huruma husema kwamba mtu huyu alikosa wakati, au fedha, au mpiga chapa. Sababu hizi yamkini ni za kweli kwa baadhi. Walakini iliyo kubwa haitajwi: alikwisha pokea ujira wake. Sifa zilizokuwa malipo ya kazi alilipwa siku aliyotangaza, na kibarua aliyekwisha lipwa hana haja kubwa ya kurudi shambani.

Neno hili halikubuniwa na wenye husuda. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walitoa matokeo ya majaribio waliyofanya juu ya nia zinazotangazwa. Miongoni mwa waliojaribiwa walikuwamo wanafunzi wa sheria waliotamani sana kuwa wanasheria hodari. Wale ambao nia yao ya kusoma kwa bidii ilisomwa na kutambuliwa na mtafiti walijitahidi kidogo kuliko wale ambao nia yao haikuonwa na mtu. Watafiti walieleza kwamba mtu anayetamani cheo fulani, nia yake ikitambuliwa na wenzake, huhisi kana kwamba amekwisha kukikaribia cheo chenyewe, na njaa yake hupungua kabla ya chakula kuiva.

Wapo waliosikia habari hizi wakatoa hukumu ya haraka: basi mwandishi na anyamaze, afanye kazi yake gizani, watu wakione kitabu siku kitokapo. Ushauri huu una sura ya unyenyekevu, lakini matunda yake ni machache. Siri ni kitanda laini kuliko vitanda vyote. Aliyejiahidi mwenyewe moyoni ndiye mdai na ndiye mdaiwa. Na deni la namna hiyo husamehewa kila jioni bila shahidi, bila hati, na bila aibu. Kosa la mwandishi wa mabarazani si kwamba alisema. Kosa ni lile alilolisema, na wale aliowaambia. Anayesema, “Naandika riwaya,” ametaja cheo. Anayesema, “Jumamosi saa nne nitakuletea kurasa tano za sura ya pili,” ametaja deni. La kwanza hupigiwa makofi. La pili halipigiwi makofi na mtu ye yote, kwa kuwa hapana ajabu yo yote katika kurasa tano, na kwa sababu hiyo hiyo halimwibii mwandishi njaa yake. Hubakiza kitu kimoja tu, nacho ni Jumamosi.

Hata watu wakubwa walianguka katika shimo hili. Samuel Johnson wa Uingereza, ambaye kamusi yake ya mwaka 1755 ni katika kazi kuu za lugha zilizopata kufanywa na mtu mmoja, alidhani alipoianza kwamba ingemchukua miaka 3. Mpango wake aliutoa kwa watu mwaka 1747. Msomaji na ahesabu mwenyewe. Lakini la kamusi husamehewa, maana hapana aliyejua uzito wa mzigo ule. La kazi za Shakespeare ni gumu zaidi kutetea. Mwaka 1756 Johnson alitangaza kwamba atazitoa upya zikiwa na maelezo, na kwamba zingekuwa tayari mwishoni mwa mwaka 1757. Watu walitoa fedha zao mapema. Mwaka 1762 mshairi Charles Churchill alimfanyia mzaha katika shairi, kwamba fedha za watu zimechukuliwa na kitabu hakionekani. Kitabu kilitoka mwaka 1765. Mtu huyu hakuwa mjinga, wala hakuwa mwizi. Alikuwa amejifunga mbele ya watu kwa jambo zima, badala ya kujifunga kwa sehemu yake. Jambo zima halina asubuhi. Hakuna siku mtu aamkapo akaweza kusema, “Leo nitaandika maelezo ya Shakespeare.” Huweza kusema ataandika maelezo ya tendo moja la mchezo mmoja, na ahadi ambayo haishuki mpaka hapo imeachwa hewani.

Mkamia maji hayanywi. Wanafunzi wa vyuo vikuu waijua methali hii tangu utotoni, wakaisahau siku wapewapo barua ya kukubaliwa. Huweka shabaha ya kurasa kumi kwa siku. Siku ya kwanza huandika kumi na mbili, wakafurahi. Ya pili nne. Ya tatu umeme hukatika. Ya nne mtoto ana homa. Ya tano ni rundo la karatasi za mitihani za kusahihisha. Siku ya sita wana deni la kurasa thelathini na nne, na deni kubwa hivyo halilipwi, hukimbiwa. Aliyeweka shabaha ile aliipima kwa siku yake njema kuliko zote, siku ya kahawa na utulivu, kisha akaitaka nafsi iitimize katika siku zake mbaya. Shabaha inayowezekana hupimwa kwa siku mbaya. Kama siku ya homa ya mtoto yaruhusu aya moja, basi aya moja ndiyo kima. Yanayozidi ni neema, wala yasihesabiwe katika deni la kesho.

Hapa hapana budi kumtaja Anthony Trollope, kwa kuwa hakuna mwandishi aliyeliweka jambo hili wazi kama yeye, na hakuna aliyetukanwa zaidi kwa kuliweka wazi. Trollope alikuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza kwa miaka mingi, akisafiri huko na huko kwa kazi ya serikali, na hali hiyo haikumzuia kuacha nyuma yake riwaya 47. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, baada ya kufa kwake, alieleza siri yote. Alimwongezea mtumishi wake mzee pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe, naye huwa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nusu saa ya kwanza aliisoma kazi ya jana. Kisha aliweka saa mbele yake, akajidai maneno 250 kwa kila robo ya saa. Alipoanza kitabu alichora daftari la majuma, akaandika kila siku idadi ya kurasa alizomaliza, ili siku za uvivu zimkodolee macho. Kima chake cha kawaida kilikuwa kama kurasa 40 kwa juma. Lakini, na hili ndilo wasiolitazama wanaomcheka, kima hicho kilishuka hata 20 na kupanda hata 112, kwa kadiri ya shughuli zake nyingine. Tena, kwa kuwa neno “ukurasa” lina ujanja mwingi, aliamua kwamba ukurasa ni maneno 250, akayahesabu maneno hayo kadiri alivyokwenda, asije akajidanganya kwa herufi pana.

Habari hizi zilipojulikana, heshima yake iliingia doa kwa watu wengi. Walisema huyu si msanii, ni fundi viatu; na ajabu ni kwamba Trollope mwenyewe hakuona aibu kufananishwa na fundi viatu. Wahakiki waliovisifu vitabu vyake kabla ya kujua habari za saa mezani walianza kusikia mlio wa saa katika kila sura. Lakini maneno ya vitabu vile hayakubadilika hata herufi moja siku ile. Kilichobadilika ni hadithi waliyopenda kuamini juu ya waandishi: kwamba husubiri upepo, na upepo ukivuma huandika usiku kucha, na usipovuma hawana lawama.

Hadithi hiyo inapendwa na huku pia, na wenye kuitetea hudai kwamba sanaa haitiwi katika vipimo. Lingekuwa dai la heshima kama lingetolewa na watu wa lugha nyingine. Kutolewa na Waswahili ni kichekesho. Utenzi una vipande vinne katika ubeti, na kila kipande mizani nane. Mshairi wa pwani amekubali tangu zamani kwamba hata kilio chake kwa Mola kitimie mizani thelathini na mbili, pasizidi pasipungue. Atajibu mtu kwamba mizani ni kipimo cha kazi, na kurasa za kila siku ni kipimo cha mfanyakazi, na viwili hivyo si kimoja. Kweli si kimoja. Lakini aliyekubali kwamba kipimo kikali hakiui hisia ndani ya ubeti, atasema nini kinachoua hisia hizo ndani ya saa moja ya asubuhi? Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Boice, alilijaribu swali hili kwa walimu wa vyuo, akatoa matokeo mwaka 1983. Baadhi aliwaacha waandike wanapojisikia tu. Wengine aliwafunga kwa kima cha kila siku, na asiyetimiza hulazimika kutoa fedha kwa chama anachokichukia. Waliofungwa waliandika zaidi ya mara tatu ya waliongoja kujisikia. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba hata mawazo mapya yaliwajia waliofungwa mara nyingi zaidi. Upepo, yaonekana, huvuma zaidi kwa mwenye tanga lililokwisha pandishwa.

Pamoja na hayo, si kila kipimo cha wageni kifaacho kuvikwa na Kiswahili. Mwaka 1999, katika eneo la San Francisco, watu 21 walianza desturi ya kuandika riwaya kwa mwezi mmoja. Baadaye desturi hiyo iliwavuta mamia ya maelfu ya watu duniani, kila mmoja akitangaza mbele ya wenzake kwamba ataandika maneno 50,000 katika siku 30 za Novemba, yaani maneno 1,667 kwa siku. Shirika lililoisimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga milango. Ilikuwa na mema yake, hasa kuwatoa watu katika kungoja. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili aliyeichukua hesabu ile kama ilivyo alidhulumiwa bila kujua. Neno moja la Kiswahili, “asiponiandikia”, hubeba mzigo ambao Kiingereza huugawa kwa maneno saba. Riwaya ya maneno 50,000 ya Kiswahili si ndugu wa kimo kimoja na ile ya Kiingereza. Ni kaka mkubwa. Anayetaka kipimo cha haki na ahesabu beti kama ni mshairi, na kama ni mwandishi wa nathari ahesabu kurasa za daftari lake, au muda wa kukaa kitini, tangu sala ya Alfajiri hata jua kuchomoza. Kuazima kipimo cha mwingine ni kuazima pia kushindwa ambako si kwako.

Limebaki suala la hadhara. Ni nani wanaostahili kuambiwa? Si umati, maana umati husahau, na asiyekumbuka hawezi kudai. Si ofisi pia: fomu za malengo zijazwazo mwanzo wa mwaka katika vyuo huwekwa katika majalada, na mwisho wa mwaka hujazwa nyingine kwa mwandiko ule ule. Hadhara ya kweli ni watu wachache wanaotaka kusoma. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, wenye beti zaidi ya 1,000, Mwengo wa Athumani aliutunga kwa kutakiwa na mtawala wa Pate, mtu aliyetaka kuusikia. Washairi walioandika katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, walijibizana kwa majina. Aliyetajwa katika toleo moja akanyamaza, kimya chake kilisomwa na wote waliokuwa wakimngoja. Na Muhammed Said Abdulla hakuipata zawadi ya kwanza ya mashindano ya hadithi ya mwaka 1957–58 kwa kuwasimulia watu habari za Bwana Msa: Mzimu wa Watu wa Kale ulipelekwa kwa waamuzi ukiwa umeandikwa, kwa tarehe iliyowekwa, ukapigwa chapa mwaka 1960. Wanafunzi watatu wa chuo kimoja, wakikutana kila juma, kila mmoja na kurasa zake chache mkononi, na wakakubaliana kwamba asiye na kurasa atakuja vile vile na kusema kwa sauti, “Sina,” wana hadhara inayowatosha kuliko ukumbi mzima wa mkutano. Neno hilo “Sina” ni chungu kidogo, na uchungu wake ndio kazi yake. Lisigeuzwe hotuba ya visingizio, wala lisiadhibiwe kwa kuongezewa kurasa za juma lijalo.

Ama kutangaza idadi ya kazi nzima, watunzi wengi wa tenzi walikuwa na mahali pao pa kufanya hivyo. Hutaja jina la mtungaji, na wengine hutaja tarehe na hesabu ya beti, ili mnakili ajue kama amepoteza moja. Hesabu hiyo huwekwa katika beti za mwisho.