Nani Kasema Pwani Hawakimbii?

Maji yakitoka pale Jimbizi, Kilwa Masoko, mchanga wa karibu na bahari hubaki umelowa na kushikana, mgumu kiasi kwamba baiskeli hupita bila kuzama. Hapo ndipo watoto hukimbilia jioni. Mmoja huchora mstari kwa kisigino, mwingine huenda kusimama mbali kuwa mwisho wa mbio, wa tatu hupiga makofi na wenzake hufyatuka. Wanakimbia miguu mitupu, kanzu za madrasa zimekunjwa kiunoni, mpaka maji yaanze kurudi na kuufuta mstari. Mtu mzima akipita husimama, hutazama, husifia. Kisha hutoa hukumu: hawa wana mbio, lakini riadha ni ya watu wa Mbulu, sisi wa pwani yetu ni mpira.

Kauli hiyo husikika barazani Kivinje, husikika Lindi mjini, husikika ofisini anakoketi mtu mwenye mamlaka ya kununua tufe na mkuki wa shule. Wanaoisema si watu wa bara peke yao. Wapwani wenyewe wameipokea, wakairithisha kama vile ni elimu: mkimbiaji huzaliwa mlimani, penye baridi na hewa nyepesi, na aliyezaliwa penye minazi amelegezwa na joto.

Ni uongo. Tena ni uongo unaokula watoto, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuambiwa kwamba damu yake haina mbio hapimwi muda wake hata siku moja.

Aanze Seraphino Antao. Alizaliwa Mombasa mwaka 1937 katika familia yenye asili ya Goa, akakulia Mombasa, akafanya kazi Mombasa, na akajifunza kukimbia huko huko, usawa wa bahari. Novemba 1962 alikwenda Perth, Australia, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, wakati huo ikiitwa ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola. Joto la Perth mwaka ule lilipanda hadi kufikia nyuzi 40, wanariadha wakawa wanapelekewa maji uwanjani. Antao alishinda yadi 100, kisha akashinda yadi 220. Zilikuwa medali za kwanza za dhahabu za Kenya katika mashindano makubwa ya kimataifa. Kenya hiyo hiyo ambayo leo mtu akiitaja anaona milima ya Nandi, dhahabu yake ya kwanza ililetwa na kijana wa kisiwa cha Mvita.

Na katika timu ile ile ya Perth alikuwamo kijana mmoja wa Nandi aitwaye Kipchoge Keino. Alikimbia maili 3 akashika nafasi ya 11. Keino aliendelea kulelewa katika mchezo, akashindanishwa, akasafirishwa, na miaka 6 baadaye akatwaa dhahabu ya mita 1,500 Mexico. Ndivyo ilivyopaswa. Ila mwaka 1962 mtu angetaka kutunga nadharia ya damu na mahali, angeandika kwamba Wakenya wenye mbio ni watu wa bandarini, na ushahidi angekuwa nao mkononi. Antao alibeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, ya kwanza baada ya uhuru. Alifariki London mwaka 2011. Ni wangapi kati ya vijana wanaocheza ufukweni kuanzia Lamu hadi Mikindani wanalijua jina lake?

Haki itendeke kwa upande wa pili. Mwinuko una kazi yake, na hilo halina ubishi. Mtu anayeishi na kufanya mazoezi mahali kama Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya bahari, anapata oksijeni kidogo katika kila pumzi, na mwili wake hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Akishuka kushindana, faida anaiona, hasa katika mbio ndefu. Lakini faida hiyo hupatikana kwa kukaa na kufanya mazoezi, ndiyo maana Mo Farah wa Uingereza alikuwa akipanda Iten kujinoa kisha anarudi kushinda. Mlima unapandika. Basi la kutoka Lindi linaweza kumfikisha mtu Arusha.

Isitoshe, riadha si maratoni peke yake. Mita 100, mita 200, kuruka chini, miruko mitatu, tufe, kisahani, mkuki, viunzi, kupokezana vijiti: hakuna hata mmoja katika hiyo unaomtaka mtu awe amekulia penye ukungu. Usain Bolt aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 Berlin mwaka 2009 ni mtoto wa Trelawny, Jamaika, kisiwa cha joto chenye minazi na dhoruba. Uganda ilipata rekodi ya dunia kwa viunzi: John Akii-Bua, Munich, Septemba 1972, mita 400 kwa sekunde 47.82, akikimbia njia ya kwanza ya ndani ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Alikuwa binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Na mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuleta medali ya kimataifa, Theresia Dismas, aliileta mwaka 1965 kutoka Brazzaville kwa kurusha mkuki.

Kisha yupo Filbert Bayi, ambaye wengi humtumia kama ushahidi wa mlima. Ni kweli alizaliwa Karatu, na utotoni alikimbia sana vilimani. Lakini fuata maisha yake baada ya hapo. Alishuka Dar es Salaam akiwa kijana, akaingia jeshini, na inasimuliwa kwamba moja ya mazoezi yake ilikuwa kushindana na mabasi ya jiji kutoka kituo hadi kituo. Januari 1973 alimshinda Kipchoge Keino katika Michezo ya Afrika, Lagos. Februari 2, 1974, Christchurch, New Zealand, katika mita 1,500 za michezo ya Jumuiya ya Madola, alitoka mbele tangu mlio wa bastola. Katikati ya mbio alikuwa amewaacha wenzake kwa mita 20 hivi, jambo ambalo wakimbiaji wa mita 1,500 waliliona ni kujiua. John Walker alimfukuza hadi mwisho asimpate. Saa ilisoma dakika 3 sekunde 32.16, rekodi ya dunia, na Walker aliyekuwa wa pili naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani. Mei 17, 1975, Kingston, Jamaika, Bayi akaichukua rekodi ya maili kwa dakika 3 sekunde 51.0, akimpokonya Jim Ryun aliyekuwa ameishikilia tangu 1967.

Lagos, Christchurch, Kingston. Mji wa bahari, mji wa bahari, mji wa bahari.

Ili msomaji auone ukubwa wa mbio zile za Christchurch, apime mita 100 pale Jimbizi kwa kamba. Akimbie kwa sekunde 14 na kidogo. Wengi wenye umri wa miaka 18 wataweza. Sasa arudie mara 15 mfululizo bila kusimama, bila kupunguza, huku kundi la mabingwa likipumua nyuma ya shingo yake. Ndicho alichofanya Bayi.

Na kuna kitu kingine kinachowaunganisha mabingwa wa Tanzania kuliko kijito na kilima, nacho ni sare. Bayi alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma aliyeshinda maratoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1, alikuwa mwanajeshi. Alphonce Simbu wa Singida, aliyeipa nchi dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha kwa kuchomoka hatua ya mwisho mjini Tokyo, Septemba 2025, ni mwanajeshi. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 sekunde 48, na picha ndiyo iliyoamua. Jeshi lilimpa kila mmoja wao vitu ambavyo mlima hauwezi kumpa mtu: mshahara wa uhakika, chakula, na nafasi ya kukimbia bila kuulizwa nyumbani wamekula nini. Kule Kenya yapo majeshi, polisi na shule kama St Patrick's ya Iten, ambako Bruda Colm O'Connell alifika mwaka 1976 na kuanza kulea kizazi baada ya kizazi. David Rudisha, mwenye rekodi ya mita 800 ya dakika 1 sekunde 40.91 aliyoiweka London mwaka 2012, ni mmoja wa matunda yake. Jamaika wana mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari yaliyoanza mwaka 1910, uwanja unajaa kama fainali ya Simba na Yanga. Hapo ndipo mbio zinapotoka.

Je, mkoa wa Lindi ulipewa nini katika hivyo? Kwa miaka mingi barabara ya kusini ilikuwa mtihani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa pantoni, na masika ilimaanisha kulala njiani. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichelewa kupata lami, na mabasi yakaendelea kunasa kwenye tope lake. Mtoto wa Kilwa mwenye mbio angefikaje Dar es Salaam kujaribiwa, na kwa nauli ya nani? Juu ya hayo, mwanzoni mwa karne hii michezo ya shule ilisimamishwa nchini kwa miaka kadhaa. Mwenye mwalimu mkali na desturi ya mbio aliendelea kwa nguvu zake. Asiyekuwa nayo akapoteza na kile kidogo alichokuwa nacho. Kisha watu wakatazama orodha ya timu ya taifa, hawakuona jina la kusini, wakasema: unaona, pwani hawakimbii.

Mkoa huu huu unao ushahidi mwingine, tena wa karibuni, na kila mtu wa Lindi anaujua. Namungo ya Ruangwa ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya nne, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF dhidi ya Simba, na msimu uliofuata ikacheza makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Hakuna aliyesema damu ya Ruangwa imebadilika. Uwanja ulijengwa, fedha zilipatikana, makocha waliajiriwa, wachezaji wakaja. Kwa nini basi mpira ueleweke hivyo, na riadha ielezwe kwa damu?

Hapa inafaa kuepuka kosa la kinyume. Wapo wanaotaka kuitetea pwani kwa kusema mvuvi anayerusha kimia kila alfajiri amezaliwa mrusha mkuki, na mama wa Songosongo anayetembea maili mwambani akichokoa pweza ana miguu ya maratoni. Hiyo ni nadharia ile ile ya damu, imevalishwa kikoi. Mrusha mkuki anahitaji mkuki. Anahitaji mtu wa kumfundisha hatua za mwisho kabla ya kuachia, na mahali pa kurushia ambapo hakuna mtu anayekatiza. Mkenya Julius Yego alikuwa bingwa wa dunia mwaka 2015 kwa mita 92.72 baada ya kuanza kwa kujifunza kwenye video za intaneti. Alizaliwa Nandi, katikati ya wakimbiaji, na hakuna aliyetarajia mkuki utoke huko. Alitafuta mafunzo, akayapata, akarusha.

Kinachodaiwa kwa Kilwa na Lindi si kikubwa mno kuanza nacho. Shule iwe na saa ya kupimia muda na mwalimu aliyefundishwa kuitumia. Muda uandikwe daftarini, mwaka hadi mwaka, ili kijana wa darasa la saba ajue dada yake alikimbia sekunde ngapi. Uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, upate njia za kukimbilia zenye vipimo vya kweli. Mashindano ya wilaya yafanyike kila mwaka, pawe na mgeni rasmi, pasiwe na mgeni rasmi. Mwenye muda mzuri apewe nauli. Na jeshi, ambalo limekuwapo Nachingwea tangu enzi za wapigania uhuru wa Msumbiji, litafute vijana wenye mbio huku kwa bidii ile ile linayotafuta kaskazini.

Bayi mwenyewe, yule mtoto wa Karatu, alipoamua kujenga shule na viwanja, alijenga Kimara na Kibaha, ukanda wa pwani, na huko ndiko anakolea vijana hadi leo. Ile 3:32.16 yake ya Christchurch ilibaki kuwa rekodi ya michezo ya Jumuiya ya Madola kwa miaka 48. Walker alistaafu, vizazi vya wakimbiaji wa milimani vikapita, haikuguswa. Agosti 2022, Birmingham, ilivunjwa hatimaye. Timothy Cheruiyot wa Kenya alikuwa mbele zikiwa zimebaki hatua chache, akapitwa mstarini kwa sekunde 0.09. Aliyempita, kwa dakika 3 sekunde 30.12, ni Oliver Hoare wa Australia, aliyekulia Sydney, jiji la bandari, ambako watoto nao huenda kucheza ufukweni jioni.